Nilibomoa zizi nikapanda ukoka ili nyumba iuzike: hesabu kamili ya kuipamba nyumba yangu Kahama

Wakuu, habari za majukumu.

Hili nasimulia kama lilivyotokea. Bei ni zilezile nilizolipa, na pale nilipopigwa nitasema nilipigwa.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Kahama. Mke wangu, Mama Kulwa, ni nesi, akahamishiwa Geita. Akaondoka na watoto, wakawa wanakaa vyumba viwili vya kupanga, choo cha kuchangia na wapangaji wengine. Asubuhi watoto wanapanga foleni ya choo na sare za shule mwilini.

Tukapata nyumba hukohuko Geita, imebaki dari tu. Kianzio tukatoa. Kikabaki cha kumalizia, milioni arobaini na moja. Mwenye nyumba akasema mwisho wa mwezi hela isipoonekana anampa mtu mwingine, na kianzio "tutaangalia".

Hela ya kumlipa nilikuwa nayo, ila ilikuwa imesimama Kahama na imeezekwa bati. Ikabidi niuze nyumba.

Nikatafuta dalali. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa mpaka unajiuliza vumbi la Kahama huwa analipitia wapi. Akazunguka nyumba, akaguna.

"Bro, nyumba nzuri ila haijavaa. Siku hizi nyumba inapambwa kwanza ndiyo inauzwa. Mteja akiingia ajione yuko hotelini."

"Nikiipamba inaongezeka shilingi ngapi?"

"Milioni tano hukosi."

Nikapiga hesabu kichwani. Nikarudia. Mara zote mbili ikaja faida. Hapo ndipo nilipopotea wakuu: nilijumlisha vizuri sana namba za mtu mwingine.

Rangi na fundi, 640,000. Alianzia 900,000, tukavutana mpaka chai ikapoa. Sofa nyeupe, zulia na mapazia nikakodi kwa mama mmoja anayepamba kumbi za harusi, 420,000 kwa wiki, na sharti kwamba sofa asizikalie mtu aliyejipaka mafuta. Maua ya plastiki 28,000.

Kisha dalali akafika nyuma. Kule kulikuwa na zizi langu la miti mizito. Ng'ombe wenyewe nilishawauza ili kupata kianzio cha Geita. Akaziba pua.

"Bro, hili liondoke. Mtu wa maana hanunui harufu."

Kubomoa na kuzoa samadi, 150,000. Baadaye nikaja kujua yule mzoaji aliipeleka kwa wenye bustani, akaiuza. Yaani nililipa ili mali yangu iuzwe na mwingine. Pale lilipokuwa zizi nikapanda ukoka na maua, 310,000, na maji ya kumwagilia nanunua kwa dumu. Hayo maji siyajumlishi, nina moyo mdogo.

Jumla 1,548,000. Nikajumlisha mara ya pili ikaja 1,556,000. Nilisahau udi.

Nikampigia mke wangu kumweleza maendeleo.

"Baba Kulwa, si ungepiga deki tu?"

Nikamwambia hii ni biashara. Akasema "sawa". Walio kwenye ndoa mnaijua hiyo "sawa".

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye hela za dhahabu, katokea Mwakitolyo na mchumba wake. Wakapiga picha kwenye sofa, wakapiga kwenye mapazia, yule dada akabadilisha mpaka kilemba. Wakaaga vizuri. Kesho yake jirani akanionyesha sebule yangu kwenye simu, chini yameandikwa maneno "nyumbani kwetu".

Wiki ya sofa ikaisha. Nikaongeza siku nne, 60,000 kila siku. Mwisho wa mwezi unanisogelea, Geita wanapiga simu.

Ndipo akaja Mzee Luhende na mkewe, Mama Shija, wafugaji wa huko ndani njia ya Isaka. Wana watoto sekondari hapa mjini, wanataka wakae kwao, na ng'ombe wachache wa maziwa pembeni. Mzee kavaa katambuga za tairi. Dalali akanikonyeza kwamba hapa hamna mteja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'wanawane, mwanangu, tumepotea. Tunatafuta nyumba yenye zizi. Msimu wa pamba nilipita hapahapa nikaliona."

"Ndiyo hii mzee," dalali akadakia, "tumeiboresha."

Mzee akautazama ukoka kwa muda mrefu.

"Mmeiboresha kwa kuliondoa?"



"Na samadi yake?" Mama Shija akauliza.



Nikawakaribisha sebuleni. Mama Shija akachungulia, akaona ule weupe, akarudi nyuma. "Hapo pa wageni, tutachafua." Nikamwambia wageni ndiyo ninyi. Wakaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni. Habari zote za mamilioni tukazungumzia pale juu ya saruji, sofa za 60,000 kwa siku zimekaa ndani zenyewe.

Nikataja arobaini na sita. Mzee akataja arobaini.

"Mzee, hata bustani huioni?"

"Nimeiona. Ndama wawili, siku moja."

"Na rangi mpya?"

"Rangi sikuifuata. Nilifuata zizi, nimekuta maua. Zizi nitajenga mwenyewe, ndiyo maana ni arobaini."

Arobaini ilikuwa na maana moja: Geita imekwenda, na kianzio nyuma yake.

Wakuu, tangu nianze biashara sijawahi kumtajia mteja bei yangu ya mwisho. Siku hiyo nilitaja. Nikamwambia mzee, ikishuka chini ya arobaini na moja watoto wangu wanabaki kwenye foleni ya choo. Nipe arobaini na mbili, zizi nitajenga mimi.

Wakageukiana, wakaongea Kisukuma. Nakielewa chote, ila nikawa naangalia bati.

Mama Shija ndiye aliyekata shauri. "Ajenge. Ila upana napima mimi, na mlango utazame nyumba, ng'ombe wakitoka usiku tuone."

Akapima kwa hatua zake. Ni mama mwenye hatua ndefu. Zizi jipya likawa kubwa kuliko la zamani, 390,000. Ukoka niling'oa kwa mikono yangu.

Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hela ikapita benki, Geita nikamaliza mwezi haujaisha. Watoto wana choo chao. Dari bado, mvua ikinyesha tunaongea kwa ishara.

Gharama zote 2,186,000. Baada ya kulipa Geita nilibakiwa na milioni moja. Iliyopungua nimejikopesha dukani kwangu na sijui nitajidai vipi. Cha dalali sijakiweka humo, presha yangu haitaki. Alipokuja kukichukua alinipiga bega: "Unaona bro, imeuzika."

Nilichojifunza: kabla hujaipamba nyumba, jiulize nani ana hela ya kuinunua mtaani kwako, na yeye ataangalia nini kwanza. Ziba panapovuja, piga deki, na usibomoe kitu mpaka mteja mwenyewe akuambie hakitaki.

Mliowahi kuuza nyumba, mlitumia kiasi gani na kilirudi? Karibuni. Madalali nanyi karibuni, ila mkija na ushauri semeni mapema utanigharimu shilingi ngapi.