Tundu la Kumi na Sita

Mara ya kwanza nilipotaka kuingia kwenye swichi kwa brauza, nilinunua bando. Cheka tu. Video ilisema fungua brauza, andika namba hizi, utaona ukurasa wa swichi. Mimi kichwani mwangu brauza ni intaneti, na intaneti ni bando. Nikakaa kitandani kwangu Ipagala, nikaandika zile namba kwenye simu, swichi yenyewe iko mezani haijachomekwa hata kwenye umeme. Nikasubiri. Nikaandika tena. Nikaitukana, nikaweka simu chini, nikanywa chai, nikarudi kuitukana upya.

Kumbe ule ukurasa hauko angani. Umo ndani ya lile boksi lenyewe, kile chuma chenye matundu kumi na sita ya kuchomeka nyaya za mtandao. Unaunga laptop kwa waya, unaipa laptop namba inayokaribiana na ya swichi, kama watu wa mtaa mmoja, ndipo linakufungulia mlango. Hayo nilijifunza peke yangu. Chuo nimekipitia kwa nje, nikienda kuwabadilishia wanafunzi vioo vya simu.

Swichi ile nilienda kuifunga Kibaigwa, kwenye yadi ya mizani ya malori ya mahindi. Kazi hiyo sikuipata kwa cheti. Niliipata kwa sababu ya mama.

Si mama aliyenizaa. Ni mama wa usafi wa pale ofisini, Mgogo wa maneno machache na macho makali. Kabla sijajua hata laptop inawashwaje, nilikuwa kuli pale yadini, nabeba magunia ya rumbesa, yale yaliyojazwa kupita mdomo, mpaka shingo ikaingia mabegani. Siku moja homa ikanilaza juu ya magunia matupu. Wenzangu walinipita kama gunia lililotoboka. Yeye akaniletea uji, siku ya pili uji, siku ya tatu ugali na mlenda, akasimama pembeni mpaka nikamaliza. "Ukifa hapa," akaniambia, "atakayefagia ni mimi." Tangu siku ile, mtu akimgusa yule mama amenigusa mimi, na mimi kuguswa sijazoea.

Baadaye nilipoanza mambo ya kompyuta, ni yeye aliyemwambia meneja, "Yuko kijana wangu anajua hivyo vitu." Meneja akakubali. Nikaunga mzani, printa ya tiketi, kompyuta ya karani wa mzani na ya meneja mwenyewe, vyote kwenye swichi moja, ndani ya kikabati kilichopo koridoni. Kwenye ukurasa wake kila tundu unaweza kuliandikia jina, basi nikaandika: MZANI, PRINTA, KARANI, MENEJA. Nikajiona waziri.

Asubuhi moja ya upepo, simu ikaita. Ni mama.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu Kigogo.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Mashine zimekufa zote. Karani anasema nimeziua mimi. Meneja amesema jioni nikabidhi funguo."

Sikuuliza la pili. Nikadandia lori lililokuwa linarudi Kibaigwa tupu, na njia nzima nilikuwa nagombana na karani kichwani, nikimshinda kila raundi.

Nilipofika, malori yalikuwa yamepangana kutoka kwenye mzani mpaka barabarani, yanapiga honi. Madalali wanafoka. Tiketi hazitoki. Karani, kijana wa rika langu mwenye kalamu tatu mfukoni na hajawahi kuandika kwa hata moja, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Fundi wa mtaani amefika," akasema.

"Fundi wa mtaani ndiye anayekufanya uonekane una kazi," nikamjibu. "Nani kakwambia mama kaharibu?"

"Nani mwingine? Si ndiye aliyechomoa swichi mwezi uliopita akachomeka jagi la umeme la chai?"

Hilo lilikuwa kweli. Alichomoa. Nilikuja, nikamwonyesha, nikamwambia mama, chochote ukikuta humu kimechomekwa, usichomoe. Akasema sawa. Na yule mama akisema sawa, ni sawa.

Meneja akatoka, mzee wa suti nzito hata kwenye jua. Nikamwamkia. Kisha, mbele yake, mbele ya karani, mbele ya madereva wawili waliokuja kufoka, nikapanda juu ya hasira yangu kama mtu anayehutubia mkutano.

"Mzee, huyu mama hajagusa kitu. Naapa. Kama kagusa, mimi sirudi hapa tena, na hii swichi mpeni karani alalie. Maneno yake huyu yote ni rumbesa, juu yamejaa, ukipima hamna kitu!"

Madereva wakacheka. Mama alikuwa kwenye kona ameshika fagio, ananiangalia tu. Nikaona ananiangalia kwa shukrani. Sina akili.

Nikafungua kikabati. Taa zote za swichi zinawaka na kuzima kwa pamoja, haraka haraka, kama zimepandisha mashetani. Swichi yenye afya huwa haifanyi hivyo. Kawaida huyu anakonyeza, yule anapumzika, mwingine anajibu. Nikachomeka laptop, nikaandika ile namba. Ukurasa hautaki. Nikazima umeme wa swichi, nikawasha tena, nikawa nagonga kitufe cha kufungua upya kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. Mwishowe ukurasa ukaja, mstari kwa mstari, kama mgonjwa anayetembea kwa kushika ukuta. Nikaweka paswedi.

Karani nyuma yangu: "Mbona inachukua muda?"

"Mbona wewe unapumua?"

Sasa, kwenye orodha ya pembeni ya ule ukurasa kuna sehemu ya kuzuia kitanzi. Niliiona tangu siku ya kwanza. Sikuielewa, nikairuka. Nilikuwa nimechoka, kila kitu kinafanya kazi, kitanzi cha nini, sisi si wawindaji. Baadaye, nyumbani, kwa video nyingine, nikaja kuelewa, lakini sikukumbuka kuiwasha: waya mmoja ukichomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ile ile, habari inayotumwa inazunguka, inajirudia, inazaliana, mpaka hakuna kinachopita. Kama mbea mmoja kijijini anajisimulia mwenyewe, anajisikia, anajisimulia tena, mpaka kijiji kizima hakisikii kingine.

Sasa zile taa zikanikumbusha; nikaweka tiki, nikahifadhi. Taa zikatulia papo hapo. Huko ndani printa ikaanza kulia, tiketi zikatoka mfululizo. Dereva mmoja akapiga makofi. Mimi nikainua kidevu.

Kisha nikasoma ukurasa. Swichi yenyewe ilikuwa imeziba tundu moja na kuandika sababu: tundu la kumi na tano, kitanzi.

Nikaingiza mkono nyuma ya kikabati, nikafuata waya wa tundu la kumi na tano kwa kidole. Umekunjwa vizuri sana, duara juu ya duara. Umefungwa katikati na kipande cha kanga, kijani na chungwa. Ncha ya pili imerudi, imeingia tundu la kumi na sita.

Kanga ile niliijua. Nimekula uji juu yake. Aliitandika juu ya magunia siku zile za homa.

Nikabaki nimeinama, kichwa ndani ya kikabati. Nyuma yangu karani anauliza, "Umeona nini?" Nikajifanya bado nafuata waya.

Mama akasogea. Akachungulia juu ya bega langu.

"Ah, huo," akasema kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia. "Huo ulikuwa unaning'inia chini, nafagia unanikwaza. Na lile tundu ndilo pekee lililotoka kizibo, vumbi la mahindi linaingia. Nikaukunja, nikaziba."

Karani akapiga paja. "Eeeh! Si nilisema? Si nilisema mimi?"

"Mama," nikasema polepole, "si ulisema hujagusa?"

"Nani alisema? Ulisema wewe. Uliniambia nisichomoe. Sijachomoa hata mmoja. Hukuniambia nisichomeke."

Dereva mmoja akakaa chini kabisa kwa kucheka. Meneja hakucheka. Alikuwa anamwangalia mama, na nikaona kabisa mkono wake unaenda kwenye ndoano ya ukutani ambapo mama hutundika funguo, za stoo na jiko na ofisi, zile funguo ambazo yule mama amezibeba tangu mimi sijaota ndevu.

Hapo ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na uongo mzuri tu, wa umeme na wa panya. Lakini nilikuwa nimeshika ule waya, na nikakumbuka ni nani aliyeuacha ukining'inia. Ni mimi. Ulikuwa waya wa kamera ya getini. Nilichomeka ncha moja, nikamwambia meneja kesho naja kufunga kamera. Kesho hiyo ilikuwa na wiki mbili.

"Mzee," nikasema, "mtoe huyo mama kwenye hii habari. Waya niliacha mimi. Na hii swichi ina kinga ya kosa hili hili, niliiona siku ya kwanza, sikuiwasha. Ningeiwasha, mama angechomeka, isingetokea kitu. Fagio halijaharibu mtandao. Uvivu wangu ndio umeharibu. Kama kuna wa kukabidhi, ni mimi."

Meneja akaniangalia juu mpaka chini. Kisha akaacha ndoano.

"Basi kabidhi," akasema. "Andika paswedi, mpe karani. Kuanzia leo ukitaka kuingia humo, unamwomba yeye."

Afadhali angenipiga. Nikaandika paswedi kwenye karatasi, mwandiko mbaya makusudi. Karani akaipokea kwa mikono miwili kama sakramenti, akaiweka kwenye mfuko wa kalamu zake.

Nilipotoka kuelekea barabarani, mama akanishika mkono.

"Unaenda wapi? Kamera iko wapi?"

"Mama, nimefukuzwa kidogo."

"Umefukuzwa kwenye karatasi. Kwenye ngazi hujafukuzwa. Panda."

Nikapanda. Nilifunga ile kamera jua linanichoma kisogo, yeye ameshika ngazi chini, ananisema: kwamba naongea sana, kwamba kuapa kwa ajili ya mtu bila kumuuliza ni upumbavu, kwamba nimekonda. Waya ukafika ulipotakiwa kufika. Halafu ikabidi niende kwa karani, nimwombe, kwa adabu, aniingizie paswedi niliandikie lile tundu jina. Alinisimamisha kidogo, akifurahia. Nilivumilia. Kwa ajili ya mtu mwingine yeyote nisingevumilia.

Nilipoenda tena, nilikuta swichi imevaa. Mama ameifumia kitambaa cheupe, kama vile vya kwenye makochi. Nikamwambia mama, hiki kitaipika humo ndani kwa joto. Hakubisha. Safari iliyofuata nikakuta kingine, kimefumwa matundu makubwa makubwa, na mbele amekiacha wazi ili taa zionekane. Kipo mpaka leo. Kila Jumamosi anakifua.

Na karani, kila akifungua ule ukurasa, anakuta nilichoandika siku ile aliponisimamia. Tundu la kumi na tano: KAMERA YA GETI. La kumi na sita nililifunga kabisa, na kwenye nafasi ya jina nikaandika: LIMEFUNGWA. MTU AKIULIZA, NI MIMI.

Angeweza kufuta. Paswedi anayo. Hajui pa kubonyeza.