Kimya cha Zuwena

Nakumbuka alasiri moja hapahapa Ibra, Omani, mjukuu wangu, hatujamaliza hata miaka miwili tangu kurudi kutoka Unguja. Sebuleni wamejaa wanaume, sheikh keshakaa, halua na kahawa zimeshatembezwa. Baba akaniita mlangoni, akanituma nikamuulize mdogo wangu Zuwena kama anamridhia mume.

Zuwena alikuwa na miaka kumi na nne. Mimi ishirini, nimeshaolewa, najiona mtu mzima kwelikweli. Desturi unaijua: mwari akiulizwa akinyamaza, huhesabiwa karidhia, eti haya imemziba mdomo.

Nilimkuta kakaa kitandani, hina ya mikononi bado mbichi. Nikamuuliza. Kimya. Nikarudia. Akaikamata kanga yangu, akaing'ang'ania, machozi yanamtoka na neno hasemi. Mungu anisamehe, nilijua ile si haya, ni khofu. Lakini nje wananingoja, na baba nilikuwa nikimwogopa. Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikatoka.

"Kanyamaza," nikasema. "Karidhia."

Ndoa ikafungwa, na vigelegele nikapiga na mimi. Kanga ile ilibaki na alama za hina, sikuweza kuivaa tena wala kuitupa.

Mwaka haukutimia, Zuwena akafa kwa uzazi huko mji wa Sur kwa mumewe, yeye na mtoto wake. Daktari alisema mwili ulikuwa bado wa kitoto. Baba alilia mpaka akaugua. Siku moja akaniuliza, taratibu, "Mwenzio aliridhia kweli?"

Nikanyamaza. Akanitazama sana, kisha akageukia ukutani.

Sasa nasikia kesho wewe ndiwe utakayetumwa kwa binti wa mjomba wako, naye yuko skuli bado. Basi nisikilize. Funga mlango, kaa naye, umuulize mpaka akujibu kwa mdomo wake. Akilia, toka useme analia. Akinyamaza, sema kanyamaza, usiongeze neno lako. Na kwa umri ule, mimi ningewaambia wamwache asome kwanza. Watakasirika, wageni watavaa viatu vyao waende zao. Waache waende. Mimi bibi yako nitakuwa nimekaa pale mlangoni, wakitaka kugomba wagombe na mimi.

Mungu akupe ulimi nilioukosa siku ile, mwanangu, na mtoto wa watu amjaalie azeeke kama nilivyozeeka mimi.