Saksafoni Isiyo na Maneno

Naikumbuka, mwanangu, alasiri ya harusi ya dada yangu Time, pale Wete, jinsi nilivyosimama nimening'iniza saksafoni shingoni. Zilikuwa zama za siasa. Ndugu hawazikani, na watu wa chama hiki hawanunui hata chumvi duka la chama kile. Sisi tulikuwa upande mmoja, akina bwana harusi upande wa pili, na nikaha ilikuwa bado haijasomwa. Neno moja tu lingetosha kumwacha Time ndani na hina yake mikononi.

Baba aliliona hilo, akamkataza mwimbaji. "Leo hapaimbwi. Kila nyimbo watu wataitafutia fumbo." Akanigeukia mimi. "Piga wewe, peke yako. Chombo hakina maneno."

Nilikuwa na sauti ya nyimbo niliyoitunga kwa hamu ya Fundi Faki, aliyenifundisha kushika saksafoni kisha akavukia Mombasa, asisikike tena. Na kwa hamu ya wapiga saksafoni wa redioni, ambao sikupata kuwaona hata siku moja. Ndani yake palikuwa na mahali pa kuita. Naita, nanyamaza kungojea jibu, naita tena. Nikaipiga hiyo.

Lakini sisi, mwanangu, fumbo tumelinyonya ziwani mwa mama. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mara Mzee Hamad, ami yake bwana harusi, akasimama.

"Katutukana! Hapo anaponyamaza, hapo ndipo penye tusi!"

Vijana wao wakainuka, wetu nao wakainuka. Mmoja akaokota jiwe. Mzee Hamad akamshika bwana harusi mkono waondoke. Nikaapa kwamba haina maneno, lakini nani aniamini! Niliogopa hasa.

Ndipo bibi yangu, Bi Mize, akatoka na mkongojo wake, akasimama kati. "Piga tena nyimbo hino," akaniambia. Kisha akawageukia wao. "Na kila ntu anaesikia tusi, alitamke yeye, kwa sauti. Tujue latoka kinywani mwa nani."

Nikapiga. Nilipofika pale pa kuita nikanyamaza, na uwanja mzima ukanyamaza. Mzee Hamad akafungua mdomo. Akaufunga. Nikaita tena.

Nilipomaliza, Mzee Hamad akaniuliza taratibu, "Huyo ntu unaemwita, yu hai?"

"Sijui, ami."

Akauachia mkono wa bwana harusi. "Mie nna kaka yangu bara. Nami sijui," akasema, akakaa. "Haya, msomeeni nikaha kijana."

Basi mwanangu, neno likikuchoma, kabla hujaokota jiwe litamke kwanza kwa kinywa chako mwenyewe. Ukiona haya kulitamka, jua mwenzio hakulisema. Umelileta wewe kutoka kwenu. Mungu akupe sikio la kusikia kilichosemwa, akunusuru na kisichosemwa. Na Fundi Faki, kama angali hai, Mungu amfikishie salamu zangu.