Kofia Mlangoni kwa Namba Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo kumi na siri moja. Funguo nilizimudu. Siri ndiyo iliyonitoa jasho.

Mwajiri wangu, Mama Hadija, alikuwa mjane wa Ilongero aliyelima alizeti mpaka akajenga nyumba ya vyumba kumi hapa Singida mjini. Alinikalisha kibarazani akaniambia, "Baba Eliza, namba tatu nitakaa mimi. Lakini humu ndani mimi ni mpangaji kama wengine. Ukinitaja, kazi huna."

Nikamuuliza kulikoni.

"Nyumba yangu ya kwanza, nilikuwa simalizi ugali. Kitasa kimekwama, hodi! Mke na mume wamegombana, hodi! Na hakuna aliyewahi kunikaribisha hata chai, eti mwenye nyumba haalikwi. Nimechoka. Nataka majirani."

Basi nikaapa. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnadhani msimamizi ni mtu wa kufoka tu. Hapana jamani! Kabla mpangaji hajaingia, mnazunguka naye chumba mkiandika kila ufa na kila kioo, kisha wote wawili mnatia saini. Hayo ndiyo makabidhiano. Halafu kuna ukaguzi, na siku yake mnakubaliana mapema, maana chumba ukishakipangisha si chako kuingia ovyo. Unapiga hodi, unangoja. Asipoitikia, unaondoka.

Nilifanya hivyo miaka mitatu, na majirani wakampata Mama Hadija wao. Aliazima chumvi, akaazimwa kinu. Alipougua, Mama Neema wa namba moja alimpikia uji wa ulezi wiki nzima. Nilikuwa nikiwaona nafurahi kama nyumba ni yangu.

Ndipo akaja Ntandu kutoka Mgori, fundi cherehani, mdomo mkali kuliko mkasi wake. Siku ya makabidhiano hakuwa na hata unyoya. Mwezi haujaisha, mitetea saba na jogoo wanalala chini ya kitanda. Nikampa onyo la maandishi.

"Singida bila kuku ni Singida gani?" akanijibu. "Mlete mwenye nyumba aniambie mwenyewe. Wewe ni mshika funguo tu."

Nikampa onyo la pili. Safari hii akatabasamu, na lile tabasamu sikulipenda.

"Mzee, milango ni kumi. Mbona kofia unavua kwenye mmoja tu?"

Mungu wangu! Nimekulia Ulemo, na baba alinifunza kwamba mbele ya anayekupa kazi kofia hukaa mkononi. Mkono ulikuwa ukiivua wenyewe, miaka yote hiyo, mimi sina habari.

"Kuku wabaki," akasema Ntandu, "au kesho nyumba nzima itajua."

Nilikwenda namba tatu, nikamweleza Mama Hadija yote. Nilijua kazi imekwisha. Aliyafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nilikuwa nimeanza kuzoea kualikwa," akasema. "Lakini ukimwachia yeye, kesho mwingine ataleta mbuzi. Kuku watoke."

Asubuhi nikampa Ntandu onyo la tatu. Naye hakukawia. Alisimama pale bombani, watu wakiwa kwenye foleni ya maji, akapaza sauti, "Mnamjua mwenye nyumba hii? Ni huyo mnayemwita jirani! Namba tatu!"

Mama Neema aliinua ndoo yake iliyojaa, akaitua pembeni.

"Kwani wewe ndiyo umejua leo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko! Kumbe kofia yangu ilishasema tangu mwaka wa kwanza. "Anataka ujirani," Mama Neema akamwambia Ntandu. "Sasa una kelele za nini? Watoe kuku wako, tumechoka kuamshwa."

Mlango wa namba tatu ukafunguka. Mama Hadija alikuwa amesikia kila neno. Akatoka na ndoo yake, macho mekundu, akauliza, "Wa mwisho nani?"

"Mimi hapa, jirani," akajibu Mama Neema, akarudi mwisho wa foleni na ndoo yake iliyojaa, ili Mama Hadija apange nyuma yake kama jirani mwingine yeyote.

Sijawahi kuona mtu akiteka maji huku analia na kucheka kwa pamoja. Kuku walihamishiwa kwa shemeji yake Ntandu siku ileile, na mimi tangu hapo nikaivua kofia kwenye milango yote kumi, wa Ntandu ukiwemo.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa. Juzi nilikwenda kuwasalimu. Nilimkuta mpangaji mpya, binti mwalimu, akimsumbua Ntandu kibarazani. Alikuwa akimuuliza, "Shikamoo mzee, mwenye nyumba hii ni nani? Nina shida naye."

Ntandu, mvi zimemjaa, hakuinua hata uso kwenye cherehani. Pembeni yake Mama Hadija alikuwa akichambua mchicha.

"Marahaba. Sijui, mwanangu," akasema Ntandu. "Nimekaa hapa miaka yote, sijamwona. Muulize jirani."