Wamemwandika Marehemu, na Bado Yu Hai

Jina langu lifichwe, tafadhali. Nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Mombasa. Nilikuja Nairobi mwaka wa Uhuru, na kazi yangu ni kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, katika kiwanda kidogo cha chapa, River Road. Nina watoto wawili na mume sina, basi kazi hii ndiyo baba yao.

Juzi juzi tulichapa kitabu cha maisha ya tajiri mmoja wa Lavington na ukoo wake. Mke wake wa kwanza, nitamwita Bi Salma, anaishi peke yake Muthangari. Ni mtu wa kwetu, namjua. Sasa kwenye prufu nikakuta ameandikwa "marehemu". Nikashtuka, nikalikata neno lile. Kesho yake akaja Hamisi (si jina lake), mtoto wa pekee wa Bi Salma, kupitia kurasa kwa niaba ya baba yake, maana mzee haoni vizuri. Akalirudisha kwa mkono wake, mimi nimesimama pale pale. Nikamwambia mama yako mzima, nimemwona juzi. Akanijibu nishughulike na nukta na mikato. Kumbe kijana anatamani urithi, na mwenye sauti pale Lavington ni mke mdogo, ndiye anayetaka kumpendeza. Kitabuni Hamisi ni yatima aliyelelewa na huyo mke mdogo kama wa tumbo lake! Bosi akaniambia ninyamaze, kitabu ni cha mwenyewe.

Haya, kitabu kikatoka. Kina mama wa mjini wakamiminika Muthangari kutoa mkono wa pole, wengine wanalia tangu getini. Aliyewafungulia mlango ni Bi Salma mwenyewe, na ungo wa mchele mkononi. Mmoja alizirai.

Mzee kaja juu, anamtaka aliyekosea. Na anayepiga kelele kuliko wote ni nani? Hamisi, eti anadai haki ya mama yake. Sasa bosi amenibana: Ijumaa baada ya sala niende Lavington nikiri kosa ni langu, anifukuze mbele ya mzee, halafu anirudishe kimyakimya. Nikikataa, nitoke nisirudi. Nina hasira.

Jana nilikwenda kwa Bi Salma nimwambie ukweli, liwalo na liwe. Nilimkuta kajilaza, hajala tangu juzi, anaamini mke mwenzake ndiye aliyemzika. Kabla sijafungua kinywa akanishika mkono.

"Mwanangu, kati ya wote hawa nimebaki na Hamisi tu. Ameniapia atamtafuta aliyenifanyia haya."

Nikanywa chai yake, nikaondoka.

Ijumaa ni keshokutwa. Nikikubali kosa, wanangu watakula kwa uongo, na yule kijana ataendelea kumbusu mama yake mkono. Nikisema ukweli, mimi ndiye nitakayemuua Bi Salma kwelikweli. Ndugu zangu mnaosoma, ingekuwa ni nyinyi, mngesema lipi?