Mtani Mbele ya Gurudumu

Awa Zerbo alikuwa mwoga, na simsingizii. Mlango akishaufunga, ataurudia kuusukuma, atafika njiani ageuke tena. Mume alimfia angali kijana, watoto hakujaliwa, basi hofu yote ambayo mama huwagawia wanawe yeye aliimwaga kwa watoto wa wenzake, pale mjini Wagadugu alipokuwa akiuza wali na kunde kando ya barabara. Ndiyo maana vijana wa mtaani, wacheza tamthilia, walipotaka kuzunguka nchi kwa basi, mama zao walisema: hawaendi bila Awa. Atawapikia, atawalinda. Kila mama alimshika mkono akamwambia, "Unirudishie kama nilivyokupa." Maneno hayo yakamkwama kifuani kama tonge kavu.

Dereva alikuwa Nobila Sawadogo. Kwa kabila Nobila ni Mmosi, Awa Msamo. Sasa Mmosi na Msamo ni watani tangu enzi za mababu, na utani unaujua mwenyewe: hakuna heshima, hakuna kununa; Msamo ataitwa mla mbwa, Mmosi mla punda.

"Panda, mtumwa wangu!" Nobila alimkaribisha siku ya safari. "Ila hicho kichwa cha mbwa ulichoficha kwenye sufuria usije ukawalisha watoto."

"Mla punda we! Mtumwa nani, anayeendeshwa au anayeendesha?"

Vijana wakacheka hoi. Wakacheka walipopita Kudugu, wakacheka Dedugu, wakacheka mpaka Bobo.

Balaa lilianzia hapo hapo. Awa akisema, "Punguza mwendo, Nobila," basi zima linaangua kicheko. Akisema tairi la nyuma limekwisha, Nobila anamjibu kwamba Wasamo wanajua magurudumu ya mikokoteni tu. Mwanamke wa watu anatetemeka kwelikweli, na kadiri anavyotetemeka ndivyo wanavyomwona kichekesho.

Kutoka Bobo wakashika njia ya Gaua, ambako jioni ile kulikuwa na tamasha la vijana. Mwaka mzima walikuwa wamelifanyia mazoezi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na walipofika kwenye daraja moja la chini, la zege, lisilo na kingo, walilikuta limezama. Maji mekundu yalikuwa yanapita juu yake yakiburuta matawi.

Nobila akashuka, akatazama, akarudi. "Maji ya magotini. Tunapita."

"Hatupiti," Awa akasema.

"Msamo anaogopa kuoga!"

Kicheko. Isufu, kiongozi wa vijana, akambembeleza: "Shangazi, tukichelewa zamu yetu wanapewa wengine. Hebu acha masihara."

Awa akateremka. Hata yeye hakujua atafanya nini, mpaka alipojikuta amelala chali matopeni mbele ya gurudumu, kama watani wanavyojilaza kaburini kuzuia maziko hadi walipwe.

Jamani, walivyofurahi! "Mpeni hela ya maiti!" Nobila akapiga kelele, na sarafu zikarushwa kutoka madirishani, zikamwangukia tumboni. Akawasha injini, akalisogeza basi kidogo, mzaha huo, hadi tairi likagusa kilemba cha Awa. Awa hakujitikisa.

Mtani akilipwa huinuka. Ndiyo desturi, na hakuna aliyewahi kuivunja. Awa akaketi, akaziokota zile sarafu, akazitupa mtoni. Kicheko kikakatika.

"Baba Sawadogo," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo maishani mwake. "Hapa mimi si mtani wako. Nakuomba kama ninavyomwomba mtu baki. Hawa wakifa, mama zao nitawaambia nini?"

Nobila akazima injini. Kumkana mtani mbele za watu ni tusi lisilo na jibu. Uso ulimshuka, akabaki ameshika usukani.

Wakangoja. Mara likaja lori la mbuzi, likapunguza mwendo, likaingia majini, likatokea ng'ambo salama salimini, mbuzi wakilia. Vijana wote wakamgeukia Awa. Hakuna aliyemuuliza kitu, na afadhali wangemuuliza. Alitaka kusema lori ni zito, basi letu jepesi, lakini akageuka kuyatazama maji. Je, kama alikosea? Swali hilo lilimtafuna mpaka maji yalipopungua. Gaua walikuta viti vinakusanywa.

Walipomaliza safari, kila mama alimpokea mwanawe, mzima, bila mkwaruzo. Mmoja tu ndiye aliyesema ahsante. Wengine walikuwa wameshasikia habari za tamasha.

Asubuhi yake Nobila akaja kula kunde, kama ilivyo kawaida yake. Awa alikuwa amekesha akiandaa tusi.

"Mla punda! Leo punda wamekwisha kwenu?"

Nobila akapokea sahani kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha kama yuko mbele ya mama mkwe. "Ahsante, mama. Mungu akubariki."

"Nobila. Mtumwa wangu. Nijibu basi."

"Ndiyo, mama."

Akala, akalipa, akaenda zake. Watoto wa watu wako hai, Awa akajiambia, wote wako hai. Akabaki ameshika mwiko, akitamani mtu amtukane.