Kualika kwa Kidole

Kadi ya harusi ya dada yangu niliitengeneza mwenyewe, kwa simu, nimekaa kitandani nyumbani kwetu Mpendae. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video za watu wasionijua, mpaka nikaweza kupamba ukingo kwa maua na kulaza maandishi kwa upinde. Rangi ya maua yale niliibadilisha mpaka macho yakaanza kuwasha. Zambarau ilikuwa zambarau mno. Dhahabu ilifanana na tangazo la mgahawa wa watalii. Nilipoona imetimia nilikwenda kuoga, nikarudi, nikaliona ua moja limekaa chini kidogo kuliko mwenzake, nikaanza upya.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mvivu. Baadaye niliambiwa nimealika kivivu, na katika yote niliyoambiwa hilo ndilo lililonichoma.

Kwetu Unguja mtu haambiwi tu kwamba kuna harusi. Anaalikwa. Wanawake wawili huvaa mabuibui yao wakapita nyumba kwa nyumba. Hubisha, hukaribishwa, husalimiana mpaka salamu ziishe zenyewe, ndipo mmoja akasema: fulani anakusalimu, anaozesha mwanawe, anakuomba uje ushirikiane naye. Mwenye nyumba hujibu insha Allah, huleta maji ya kunywa, huuliza posa ilikujaje, na asubuhi yote imeshakwenda kwenye mtaa mmoja. Nilimsikia mama akizitaja nyumba za Ng'ambo, za Mji Mkongwe, za Chukwani, huku akijikanda miguu iliyovimba, nikamwambia, "Mama, haya mimi nayamaliza sasa hivi hapa nilipokaa."

"Utamwalika nani ulivyokaa?"

"Wote."

Mama alinitazama kama mtu anayeuziwa samaki bila ya kuoneshwa macho yake. Lakini miguu ilikuwa inamuuma. Akasema haya.

Nikafungua grupu. Nikawaingiza wote waliokuwemo kwenye simu ya mama na wote waliokuwemo kwenye yangu: majirani, mashemeji, jamaa wa Chukwani, mpishi wa biriani, mwenye maturubai, mwenye kukodisha viti. Nikapeleka kadi, na chini yake nikaandika, "Wapendwa wote, mnakaribishwa." Vidole gumba vikaanza kumiminika. Vikafuata vimioyo, maua, mikono ya dua. Kila aliyeweka kidole nikamhesabu kuwa anakuja, nikampa mpishi jumla yake.

Shangazi aliiona kadi. Najua aliiona, kwa sababu nilifungua mahali panapoonesha nani amesoma, na nilipafungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Hakuweka kidole wala ua.

Huyu ni dada mkubwa wa baba, anakaa Chukwani. Baba alipofariki, upande ule akabaki yeye. Ndiye aliyetakiwa kumshika mkono bi harusi na kumtoa chumbani mbele ya wanawake, na dada alikuwa ameshaapa kwamba akikosekana shangazi, yeye hatoki. Si kwa kiburi. Alisema tu, "Sasa ntatolewa na nani?"

Na mtu asidhani shangazi anaogopa simu. Simu yake ni kubwa kuliko yangu. Kila asubuhi baada ya sala alikuwa akipeleka picha ya kikombe cha chai na waridi, imeandikwa "Asubuhi njema yenye baraka", kwa kila anayemjua, pamoja na fundi aliyemtengenezea friji. Mchana hupeleka dawa ya moyo ya kitunguu thomu. Mimi na mama tulikuwa tunazifuta zile chai bila ya kuzitazama, kwa sababu zinajaza simu.

Baada ya kadi, chai zikakoma. Mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Mama ndiye aliyeuliza, "Wifi yangu mzima? Mbona sipati chai yangu?" Nikamwuliza jirani yetu kama yeye ameipata. Akanionesha: kikombe, waridi jekundu, na kipande cha keki. Mama akaketi.

"Basi ametununia," akasema.

"Si umpigie umwulize?"

"Wifi haulizwi umenuna kwa nini. Atakwambia hakununa, halafu utakuwa umemkosea mara mbili."

Nikaona nitengeneze mambo mwenyewe, kwa njia ninayoiweza. Nikaanza kuandika, "Shikamoo shangazi, natumai hujambo." Nikafuta, nikaona kama naomba kazi. "Shikamoo shangazi, mbona kimya?" Nikafuta, nikaona kama namshitaki. Nikaandika habari ndefu juu ya kadi, maua yake, na kwa nini sikuchagua dhahabu, nikaisoma, nikaona aibu, nikafuta yote. Mwisho nikapeleka, "Shikamoo shangazi." Akajibu, "Marahaba." Basi.

Nikajaribu sauti. Nilijifunika blanketi ili jogoo wa jirani asisikike, nikarekodi, nikasikiliza, nikarekodi tena. Kila nilivyozidi kuirudia, sauti ilizidi kuwa safi na kuzidi kutokuwa yangu. Nikaipeleka iliyokuwa safi kuliko zote. Alama zikageuka buluu. Hakujibu kitu.

Dada alikuwa chumbani, amepakwa liwa ya msandali uso mzima, haruhusiwi kutoka nje. Nikamsomea yote niliyoandika na niliyofuta.

"Usinichekeshe, liwa itapasuka," akasema, midomo haitikisiki. "Hebu nambie. Shangazi mmemwalika, au mmempelekea picha?"

Mama aliyasikia hayo kutoka ukumbini. "Vaa buibui lako," akaniambia. "Umemwalika kivivu, kwa kidole, sasa nenda kamwalike kwa mdomo."

"Niseme nini?"

"Useme ulichotumwa. Nani kakwambia ubuni?"

Hilo halikunitosha. Maneno ya kusema niliyaandika kwenye simu, nikayapanga, nikayasoma njia nzima mpaka Chukwani.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi mkekani, sinia ya mchele mapajani, anachagua mawe, na simu imeegemea kopo ili aendelee kutazama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana, nimekuja kwako."

"Kwangu huku? Mbali huku, mwanangu. Simu yako imeharibika?"

Nikaketi. Akaendelea na mchele wake.

"Juzi nlikuona," akasema. "Nimefungua simu, inasema anaandika. Anaandika. Nkaenda kubandika maji jikoni, nkarudi, bado anaandika. Nkasema leo naletewa khutba nzima ya Ijumaa. Ikaja shikamoo."

"Nilikuwa natafuta maneno, shangazi."

"Ukayakosa. Na ile sauti yako nlimsikilizisha jirani yangu. Akadhani tangazo la bandarini, akaniuliza boti inaondoka saa ngapi."

Nilijua uso wangu umepata moto. Nikasema haraka, kabla sijashindwa, "Mama amenituma nije nikualike," na nikatoa simu.

"Simu ya nini?"

"Nimeyaandika, nisije nikakosea."

Akanyosha mkono. Nikampa. Pembeni mwake palikuwa na sahani ya mkate, na juu yake kawa, lile la ukindu la kufunikia chakula. Akalinyanyua kawa, akaiweka simu yangu kando ya mkate, akafunika vyote viwili.

"Haya. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako?" Sasa sinia aliiweka chini. "Mtu mmoja huja kuazima sufuria. Kualika ni wawili." Akageukia dirisha. "Jirani!"

"Naam!" sauti ikajibu ng'ambo ya ukuta.

"Njoo unialike."

"Nkualike wapi?"

"Harusi ya mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mwaliko umefika nusu."

Jirani akaja, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, mikono imejaa unga wa maandazi. "Mwenyewe sijaalikwa," akasema, "ntamwalikaje mtu?"

"Utaalikwa baadaye. Kaa hapo na huyu."

Tukaketi sote wawili upande mmoja wa mkeka. Shangazi akajifunga kanga vizuri, akajipangusa uso, na alipotutazama tena alikuwa mtu mwengine kabisa, mwenye nyumba asiyejua wageni wake wamefuata nini.

"Karibuni. Habari za huko mtokako?"

"Nzuri, shangazi."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Hajambo kweli, au unataka tumalize?"

Nikasita. "Miguu inamsumbua. Imevimba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa mfungo."

Akaacha kuigiza. "Tangu mfungo, na mimi sijui?"

"Hakutaka kukushughulisha."

"Kila siku nnampelekea chai, ananiletea waridi." Akamtazama jirani kama anayemtaka ushahidi. "Mtu anayerudisha waridi si mzima huyo?"

Waridi zile zilikuwa zangu. Mama alikuwa akiniambia, mjibu shangazi yako, nami nikibonyeza ua la kwanza lililo karibu. Nilimwambia hivyo. Nilidhani atakasirika. Akasema tu, polepole, "Na mimi zile chai sizichagui. Nnaletewa, nnazisukuma mbele." Jirani akajikuna pua kwa kigasha, kwa sababu ya unga.

"Haya," shangazi akasema, "mmetumwa nini?"

Nikatafuta yale niliyoyapanga njia nzima. Hapakuwa na kitu. Niliona kawa, niliona mchele, nilisikia simu ikitetemeka kwenye sahani na hakuna aliyegeuka.

"Mama anakusalimu," nikasema. "Anaozesha mwanawe. Mwanao. Anasema uje. Dada anasema usipokuja hana wa kumtoa. Na..." Hili sikuwa nimeliandika popote. "Na baba hayupo wa kuja kukwambia mwenyewe. Ndiyo nimekuja mimi."

Sauti ilikatika katikati, mahali pabaya kabisa. Ingekuwa rekodi ningeirudia.

"Ndiyo hivyo, Bi," jirani akasema kwa heshima zote, kama aliyetembea njia nzima nami. "Tumetumwa."

Shangazi alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akasema, "Insha Allah."

Mtu mzima angeshukuru akanyamaza. Mimi nikauliza, "Insha Allah ya kuja, shangazi, au ya kutuaga?"

Akacheka. Hata jirani akacheka, akajipaka unga shavuni. "Unataka nkuwekee kidole?" shangazi akaniuliza. "Nimealikwa. Sasa hilo si lako tena, ni langu. Na usinipigie kuniuliza."

Akasimama, akachukua buibui lake msumarini. "Nani mwengine wa huku umempelekea ile picha?"

Nikawataja. "Lakini wao wote waliweka vidole," nikasema.

"Kidole maana yake nimeona. Twende."

Tukaanza na jirani mwenyewe. Tulimrudisha kwake, akafunga mlango, tukambishia, akatufungulia na kutuuliza habari za huko mtokako bila ya kucheka. Baada ya hapo akafuatana nasi. Nyumba iliyofuata alikuwepo binamu wa baba, aliyekuwa ameweka vimioyo vingi kuliko mtu yeyote kwenye grupu.

"Harusi?" akasema. "Ah, ile picha. Nzuri wallahi, yale maua rangi yake imetulia. Nlidhani unatuonesha kazi zako."

Katika watu wote niliowapelekea, aliyeiona rangi ya maua ni huyu mmoja, na hakuwa na habari kwamba anatakiwa kuja. Shangazi alinigusa tu kwa kiwiko, nami nikaanza: mama anakusalimu. Kufikia nyumba ya mwisho sauti ilikuwa imenikauka, na sikumbuki nilisema nini wapi.

Siku zilizobaki sikupiga simu. Nilitamani. Nilishika simu, nikaiweka, dada akinitazama na liwa yake na kusema, "Kasema usimwulize."

Siku ya harusi nilisimama mlangoni tangu mapema, najifanya nanyoosha mapambo. Niliona kwanza mkoba wake, kisha yeye. Nyuma yake alikuwa jirani, na nyuma ya jirani wanawake wa Chukwani, kundi zima, wengine na watoto migongoni, wamejaa njia. Shangazi hakunisalimia sana. Aliuliza, "Mama yako amekaa au amesimama?" Nikasema amesimama. Akaingia ndani, na muda si muda nikasikia akimgombeza wifi yake, na mama akigombezwa kwa raha.

Nilitaka kuingia nikamwone dada akitolewa. Nilikuwa nimeipanga saa ile akilini kwa muda mrefu, nisimame wapi, nione nini. Mpishi wa biriani akanivuta mkono.

"Hawa wametoka wapi?" akaniuliza. "Hesabu uliyonipa si hii."

"Wamealikwa," nikamwambia.

"Walioweka vidole kwenye grupu si wengi hivi."

"Wamealikwa, kaka. Ongeza sufuria."

Ikabidi mimi ndiye nisaidie kuosha mchele wa kuongeza, gauni langu la harusi nimelikunja magotini. Vigelegele vilianza nikiwa hapo uani, mikono majini mpaka viwiko. Vilipanda, vikashuka, vikapanda tena, nikajua mkono umeshashikwa na dada anatembea. Nilipofika ukumbini alikuwa ameshakalishwa. Shangazi ameketi chini miguuni pake, anajipepea kwa pindo la kanga, macho mekundu, na aliponiona nachuruzika maji akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo.